Coaster, Hiace au Land Cruiser: lipi la kulalia ukizunguka nchi peke yako?

Mlinzi wa hosteli ya misheni pale Makambako alilizunguka gari mara mbili, akamulika tochi kwenye madirisha yenye mapazia, akarudi kwangu.

"Wenzako wamelala?"

"Niko peke yangu, mzee."

"Basi zima hili?"

Sikuwa na la kumjibu. Ilikuwa Coaster ya shemeji yangu, imeng'olewa viti na kuwekwa kitanda, jiko, sinki na choo. Nilizunguka nayo nchi mwaka wa kwanza. Mwaka uliofuata nikaenda na Hiace yangu mwenyewe. Wa tatu nikakodi Land Cruiser mkonga, ile yenye bomba la hewa lililopanda ubavuni kama mkonga wa tembo, yenye hema juu ya paa. Njia ilikuwa karibu ile ile: Dar, Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, Sumbawanga, Katavi, Mpanda, Kigoma, Kibondo, Geita, Mwanza, Singida, Dodoma, nyumbani. Zaidi ya kilomita 3,000, na kila mara nilikuwa mimi, mtungi wa gesi na redio.

Wanaolinganisha magari haya huanza na raha: lipi lina kitanda kipana, lipi lina friji. Kwa mtu mmoja swali la kwanza ni jingine. Kazi gani za safari hii zinahitaji mtu wa pili, na gari lipi linazipunguza? Mkiwa wawili, mmoja ni dereva na mwingine ni utingo: anashuka kuangalia nyuma, anakaa garini mwenzake akienda dukani, anashika tochi wakati jeki inapanda. Ukiwa peke yako, utingo ni wewe huyo huyo uliye kwenye usukani. Nimeyapima magari yote matatu kwa kipimo hicho, na matokeo yake hayakuwa yale niliyoyatarajia nilipoomba funguo za Coaster.

Coaster: unasimama wima

Raha yake ni moja na ni kubwa. Unasimama wima ndani. Mvua ikinyesha Mbeya kutwa nzima, wewe unapika, unaoga kwa kopo, unaanika soksi, unafungua kompyuta mezani, na nje hakuna anayejua kinachoendelea. Kwa mwanamke, choo cha ndani kina thamani ambayo sihitaji kuieleza kwa yeyote aliyewahi kushuka saa nane usiku nyuma ya sheli, tochi mdomoni.

Lakini choo hicho kinamwagwa. Ni tangi dogo la lita 20 hivi ambalo unalichomoa kwa kimlango cha nje na kulibeba kwa mkono. Nchi zenye utamaduni wa magari haya zina vituo vya kumwagia. Sisi hatuna. Unaomba kwenye kambi au hosteli yenye choo cha shimo, unamweleza mwenyeji waziwazi umebeba nini, unamwaga, unaosha mwenyewe, unaacha kitu kidogo cha sabuni. Ile dawa ya kuua harufu usiimwage kwenye choo chenye shimo la maji taka, maana inaua vijidudu vinavyofanya kazi ya kumeng'enya uchafu humo. Mimi niliacha kuitumia kabisa, nikawa natumia maranda ya mbao kutoka kwa mafundi seremala. Hayauzwi, unajaziwa kiroba bure na kucheka unachekwa bure.

Sasa ugumu. Coaster ndefu ina urefu wa karibu mita saba. Kuingia uani kwa watu si tatizo, tatizo ni kutoka. Unarudi nyuma huoni kitu, na hakuna wa kukupigia ubavu akisema "njoo, njoo, simama!" Nilikuwa nikizima injini, nashuka, natembea hadi nyuma, napima kwa hatua, narudi, nasogea mita mbili, nashuka tena. Pale Mafinga nilifanya hivyo mara tano, na bado tawi la mwembe likaniparuza sola ya juu ya paa, kwa sababu nilipima chini nikasahau kupima juu. Watoto waliokuja kunielekeza walikuwa wanane na kila mmoja alikuwa na upande wake.

Halafu kuna mizani. Gari ambalo uzito wake wa juu unaoruhusiwa umezidi kilo 3,500 linaingia kwenye mizani ya barabarani, na Coaster imevuka hapo. Kwa hiyo Vigwaza unapanga foleni na malori, Wenda unapanga tena, Makambako tena. Mwendo wako nao ni wa magari makubwa: mwisho kilomita 80 kwa saa hata pale ambapo Noah zinakupita kwa 100. Hili la mwendo halikunisumbua, maana Coaster yenye maji ya lita 150 tumboni haina haraka. Kitonga, pale barabara inapotoka bonde la Ruaha na kupanda kona kwa kona kuelekea nyanda za Iringa, nilipanda kwa gia ya pili nyuma ya lori la mbolea, jicho moja kwenye mshale wa joto, na sikutamani kumpita mtu.

Karatasi nazo ziangalie kabla ya kulipa. Ukikuta kadi ya gari bado inasomeka basi la abiria, kila kizuizi utaeleza viti vimekwenda wapi, na leseni yako ya gari dogo itatazamwa kwa jicho la pili. Mabadiliko ya bodi yawe yameandikishwa TRA, na kampuni ya bima iwe imeambiwa kuwa humo ndani kuna gesi na kitanda. Shemeji yangu alikuwa amefanya yote hayo. Ndiyo maana nilikuwa naulizwa swali moja tu, lile la mlinzi.

La tairi ndilo lililonimaliza. Za nyuma ziko mbilimbili, na nilipopata pancha ya ile ya ndani, kati ya Tunduma na Sumbawanga, niligundua kwamba kuifungua naweza, kwa kusimama juu ya mpini wa spana na kurukaruka, lakini kuliinua tairi jipya na kulilenga kwenye boliti zake peke yangu siwezi. Nilikaa saa mbili na nusu kusubiri lori lipite. Utingo wake alilipachika kwa dakika kumi huku anakula muwa.

Kwa nani basi? Kwa familia, au kwa mtu anayekwenda mahali pamoja na kukaa. Ukiipeleka Matema, ukaiegesha ufukweni mwa Ziwa Nyasa wiki mbili ukiandika kitabu chako, hakuna linaloishinda. Kwa mtu mmoja anayehama kila siku mbili, ni nyumba ya vyumba vingi yenye mfagiaji mmoja.

Hiace: kutoka kitandani hadi usukani

Hiace ya paa la kawaida haikusimamishi. Unapika umekaa, unavaa suruali umelala chali kama samaki anayejigeuza kwenye ndoo. Wiki ya kwanza niliipiga kichwa paa la bati mara nyingi kiasi cha kuibandika godoro jembamba juu ya mlango. Dera ndilo vazi la Hiace, na wanaume wanaweza kufikiria msuli.

Lakini sikiliza. Usiku mmoja nililala kwenye uwanja wa sheli, mkoa sitautaja. Niliomba ruhusa kwa kijana wa pampu, akakubali. Saa saba usiku vijana wengine wawili wakaja kugonga kioo. "Dada, fungua tuongee kidogo." Sikujibu. Nikajipenyeza juu ya kiti cha katikati, nikakaa kwenye usukani nikiwa na khanga moja, nikawasha gari, nikaondoka. Sikufungua mlango, sikuvaa viatu. Kilomita sita mbele kulikuwa na kituo cha polisi, nikaegesha uani kwao hadi asubuhi, na askari wa zamu akanipa maji ya moto ya chai. Labda wale vijana walitaka kweli kuongea tu. Sikukaa kuhakikisha.

Coaster nayo ina njia ya ndani, lakini kuiondoa usiku kwenye uwanja uliojaa malori ni shughuli nyingine. Land Cruiser yenye hema juu haina njia hiyo kabisa. Kwa mtu wa peke yake, kipimo hiki nakiweka juu ya friji, juu ya choo, juu ya upana wa godoro.

Jinsi nilivyoipanga: kitanda cha sentimita 190 kwa 75 upande wa kulia, nyuma ya dereva, chini yake madroo. Kushoto, mlango wa kuvuta ukafunguka kwenye sehemu tupu ya kukaa na kupikia. Wengi huweka kitanda cha kukingama ubavu hadi ubavu ili kuokoa nafasi. Pima urefu wako kwanza, maana upana wa ndani wa Hiace ya kawaida ni kama mita moja na nusu tu. Ukilala umejikunja usiku kumi, mgongo utakudai wote kwa pamoja.

Gesi niliyobeba ni mtungi wa kilo sita, umefungwa kwa mkanda, na fundi alitoboa tundu la hewa sakafuni karibu nao. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini, kwa hiyo tundu la juu peke yake halikusaidii. Na jiko la mkaa lisiingie garini hata kama ni Njombe, hata kama ni Julai, hata kama meno yanagongana. Moshi wake usioonekana unaua watu usingizini. Nunua blanketi la pili sokoni.

Joto ndilo adui halisi wa Hiace. Ndani hupoa polepole, na Chalinze au Kigoma saa nne usiku bado uko ndani ya sufuria. Niliweka vyandarua vyenye sumaku kwenye madirisha ya nyuma, nikafunga feni ya volti 12, na nikajifunza kuegesha chini ya mti kuanzia saa tisa alasiri badala ya kusubiri jioni. Umeme wa feni, taa na simu haukuhitaji makubwa: sola ya wati 100 na betri ya Ah 100. Kama betri yako ni ya kawaida ya asidi, usiishushe chini ya nusu mara kwa mara, utaiua kabla ya mwaka. Friji niliachana nalo. Nyanya, ndizi na mayai hayahitaji friji, na nyama nilikula kwa wenye majiko.

Usumbufu wa Hiace ambao hakuna aliyenionya ni huu: kila mtu anadhani ni daladala. Namba yangu ni ya njano, ya gari binafsi, lakini nani anaangalia namba akiwa na mzigo kichwani? Pale Ilula nilisimama kununua vitunguu. Nilipogeuka, mama mmoja alikuwa amekwisha fungua mlango na kuweka tenga la nyanya ndani.

"Iringa mjini bei gani?" Kisha akaona godoro, sufuria, mswaki kwenye kikombe. "Mh! Mwanangu, unahama?"

"Natembea tu, mama."

"Unatembea na kitanda."

Sikushauri ubebe watu. Huyu nilimbeba kwa aibu, akakaa kitandani kwangu hadi Iringa akinisimulia bei za nyanya, na akaniachia nyanya nilizokula hadi Mbeya.

Tairi la Hiace naliinua mwenyewe. Kurudi nyuma naona kwa vioo. Mizani sisimami. Spea zake ziko kila mji, na mafundi wameizoea kwa sababu nusu ya nchi inasafiri ndani yake. Udhaifu wake uko chini: iko karibu na ardhi na wengi wetu tunayo ya kuendeshwa na magurudumu mawili ya nyuma. Kipande cha udongo kati ya Mpanda na Uvinza, mvua ikiwa imenyesha jana yake, nilikipita kwa mwendo wa jongoo, nikishuka kukagua kila dimbwi kwa fimbo. Ndani ya hifadhi ya Katavi sikuthubutu kuiingiza nje ya barabara kuu. Nililala Sitalike, kijiji cha langoni, nikaangalia viboko kutoka darajani kama wenyeji.

Noah na Alphard? Ni hadithi ile ile kwa udogo. Kama unayo tayari, kunja viti, weka godoro, nenda Mbeya na kurudi uone kama unaipenda kazi hii kabla hujanunua kingine.

Land Cruiser: chumba cha ghorofani

Hapa ndipo watu hupotoshwa na picha. Gari limesimama juu ya mwamba, hema limefunguka juu, jua linazama, mtu ameshika kikombe. Picha haionyeshi saa kumi na moja alfajiri pale Katavi, ukiwa kwenye ngazi ya alumini yenye umande, umebanwa na haja ndogo, na fisi amecheka mahali ambapo hujui ni mbali au karibu. Ndani ya hifadhi hushuki. Unabeba chupa yenye mdomo mpana, na wanawake wanabeba kile kikombe cha silikoni kinachofanya kazi hiyo, na hakuna anayepiga picha.

Lakini niseme haki yake. Pale ambapo lami inaisha, haya mengine mawili yanakuwa mizigo na Land Cruiser inakuwa gari. Udongo mweusi wa mbugani ukilowa unashika kama ugali wa dona. Mkonga una gia nzito, uko juu, na injini yake ya 1HZ, ile dizeli ya silinda sita isiyo na turbo, ni ya kutengenezwa na fundi yeyote mwenye spana na subira. (Ndiyo injini iliyofungwa pia kwenye Coaster nyingi za zamani, kwa hiyo hata shemeji yangu ana haki ya kujisifu kidogo.) Nilishusha upepo wa tairi, nikaingia njia za Katavi mwezi wa saba, nikatoka. Ndorobo walinifuata kutwa nzima. Wanapenda rangi ya buluu iliyokolea na nyeusi, na mimi nilikuwa nimevaa fulana ya buluu kama mgeni.

Hema la juu lina baridi Makambako na lina upepo mzuri Kigoma, kinyume kabisa na Hiace. Kulifungua ni dakika tano. Kulikunja ukiwa peke yako, limelowa umande, ndiyo mazoezi ya asubuhi: unavuta upande mmoja, unazunguka, unapanda tairi, unasukuma turubai lililochomoza, unashuka, unazunguka tena. Wawili wanalikunja wakipiga soga. Mimi ilinichukua robo saa hadi dakika ishirini kila siku, na siku ambazo nilitaka kwenda tu sokoni kununua mkate ilinibidi nilikunje lote, maana chumba chako kimekaa juu ya gari lako. Ukilala kwenye Hiace ukakosa chumvi, unaendesha kwenda kununua chumvi.

Na usalama, nje ya hifadhi, unageuka. Kwenye hema uko juu, unaonekana na kila mtu, na ufunguo uko mfukoni lakini usukani uko chini, nje, upande wa pili wa ngazi. Kwa hiyo Land Cruiser hulala kambini penye ukuta au mlinzi, siyo sheli. Hilo linaongeza gharama za kila usiku, juu ya kodi ya gari ambayo kwa kawaida hutajwa kwa dola. Hifadhini pia ada ya gari hupangwa kwa uzito wake, kwa hiyo usikadirie kwa kumuuliza rafiki aliyeingia na Rav4.

Ukikodi, fungua kila kitu kabla ya kutoka uani. Kampuni niliyoichukulia, sitaitaja, ilinipa jeki nzuri ndefu bila kibao cha kuwekea chini yake. Kwenye tope jeki bila kibao inazama yenyewe na gari linabaki pale pale. Nilinunua kipande cha mbao Sumbawanga kwa fundi wa vitanda, na kikawa kifaa chenye thamani kuliko vyote garini.

Unalala wapi

Gari lolote utakalochagua, jioni inakuja. Kanuni yangu ni kuwa nimeegesha kabla ya saa kumi na mbili. Usiku barabara kuu si yako: malori yaliyoharibika yanasimama bila taa, na onyo pekee ni matawi ya miti yaliyotandazwa lamini. Ukiyaona mchana, punguza mwendo. Usiku huyaoni hadi umeyakanyaga. Tangu mwaka 2023 mabasi nayo yameruhusiwa tena kutembea usiku kucha, na kupishana na basi lenye ratiba saa tisa usiku ni jambo ambalo gari la kulalia halina sababu ya kulifanya. Una kitanda. Kilalie.

Hosteli za misheni, za Walutheri na za Wakatoliki, zimenipokea karibu kila mji. Unalipia kidogo kwa kuegesha na kutumia bafu, geti linafungwa, na asubuhi kuna chai. Kusini mwa Iringa kama kilomita 50, shamba la Kisolanza lina uwanja wa kambi uliozoea wasafiri wa barabara kuu, na malango yake yanatosha hata Coaster. Vijijini usijifiche porini ukidhani hujaonekana. Umeonekana zamani. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, toa shikamoo, sema jina lako, unatoka wapi, unalala usiku mmoja. Atakuonyesha uwanja wa shule au wa ofisi, na kuanzia hapo wewe ni mgeni wa kijiji, na mwenye nia mbaya anajua ana watu wa kuwajibu.

Katika hili Hiace inashinda tena, lakini kwa sababu isiyo ya fahari: haivutii macho. Coaster inakusanya watoto. Land Cruiser yenye hema inakusanya watoto na watu wazima, na bei ya kila kitu inapanda kabla hujafungua mdomo. Mwaka wa Land Cruiser nilipiga gumzo na watu wengi kuliko miaka mingine yote, na kwa msafiri wa peke yake hilo nalo lina uzito wake, hasa siku ya kumi na mbili hivi, unapoanza kuisemesha redio.

Mafuta

Kwa vipimo vyangu mwenyewe, nikiwa nimebeba kila kitu: Hiace ya dizeli ilinipa kilomita 9 kwa lita, Land Cruiser yenye hema 7, Coaster 5 na nusu. Dar hadi Mbeya ni kama kilomita 830. Hiyo ni lita 92 kwa Hiace, karibu 119 kwa Land Cruiser, na 151 kwa Coaster. Zidisha kwa bei kikomo ya EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, inayotangazwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kisha ongeza safari iliyobaki. Kwa mzunguko wote, tofauti ya Hiace na Coaster inalipia vyumba vya gesti usiku mwingi sana.

Na gesti ndiyo mshindani ambaye wauzaji wa magari haya hawamtaji. Mtu mwenye gari dogo la kawaida, anayelala gesti safi ya mjini na kula kwa mama ntilie, anazunguka njia hii hii kwa pesa kidogo kuliko mwenye Coaster, na anaoga maji ya moto. Katika siku 21 za Coaster nilitumia lile jiko lote la kifahari kupika chakula kamili mara tano. Siku nyingine ilikuwa chai, halafu wali maharage barabarani. Gari la kulalia unalinunua kwa ajili ya zile sehemu ambako gesti hakuna au haifai: ufukwe wa ziwa, hifadhi, kijiji kilichokupendeza saa tisa alasiri. Kama ratiba yako ni miji tu, okoa pesa zako.

Kwa hiyo ningekuwa nakushauri wewe, msafiri mmoja, ningesema Hiace, kuanzia Juni hadi Oktoba barabara zikiwa kavu, na Land Cruiser ukodi kwa siku nne au tano tu utakapofika Mpanda au Iringa na kutaka kuingia Katavi au Ruaha. Kupitia kanda ya ziwa gari dogo halina tena shida hata ya kivuko: tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, limechukua nafasi ya foleni ya feri. Ukichagua Coaster kwa sababu ya mgongo, au choo, au kwa sababu unahamia Matema, sitabishana nawe. Viti ulivyoving'oa usiviuze tu, utavihitaji siku ya kuliuza gari.

Na kabla ya kumpa mtu pesa, omba kulala ndani yake usiku mmoja, hata kama ni uani kwake. Jifungie saa tatu usiku. Pika chai, nenda haja, geuka kitandani, amka, kaa kwenye usukani bila kufungua mlango. Chukua saa, hesabu sekunde. Mimi kwenye Hiace ni kumi na moja, pamoja na kutafuta miwani.